Usiombe ahadi, omba karatasi: namna ya kumuuliza kiongozi ukiwa Pemba

Skuli yetu ina banda la vyumba viwili lililoishia kwenye linta. Tulilijenga wenyewe, kwa zile zinazoitwa nguvu za wananchi: mawe tulivunja, mchanga tulibeba, kinamama tulipika, na fundi tukamlipa kwa michango ya mia tano mia tano. Makubaliano yalikuwa yale yale yanayojulikana Unguja na Pemba, kwamba wananchi wanapandisha kuta na serikali inakuja kuezeka. Kuta zikapanda. Bati hazikuja. Chumba cha pili kikaota mpapai, ukakua, ukazaa, na watoto wakawa wanauangua wakati wa mapumziko.

Mimi ni katibu wa kamati ya skuli hiyo. Kwa karibu miaka miwili niliuliza habari za banda lile kila nilipopata nafasi. Kila mara nilijibiwa, na hata siku moja sikupata jawabu. Lawama nyengine ni yangu. Nilikuwa nauliza kama wengi wetu tunavyouliza: mkutano wa hadhara, mheshimiwa amekaa mbele chini ya turubali, unapewa kipaza sauti, unasema, "Mheshimiwa, na lile banda letu vipi?" Anasimama, anakushukuru kwa suali zuri, anasema serikali yenu sikivu inalijua, fedha zipo, kuna taratibu tu zinamaliziwa. Makofi. Ukifika nyumbani ukakung'uta ulichoambiwa, halidondoki hata neno moja lenye tarehe.

Haya ninayoandika ni njia niliyoifuata baadaye. Naandika kwa mtu wa Pemba kwa sababu ndiko ninakokujua. Wa Unguja naye ataitumia akibadilisha majina ya afisi.

Hatua ya 1: Jua mfuko ni wa nani

Mtu wa Konde au wa Kengeja akitaka kudai kitu ana milango mitano ya kubisha, na kila mlango una mfuko wake. Ukimuuliza asiyehusika atakujibu kwa ukarimu mkubwa, maana suali halimgusi.

Mlango wa kwanza ni sheha, msimamizi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya serikali. Sheha hukumpigia kura; anateuliwa na Mkuu wa Mkoa chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 2014, na bosi wake wa karibu ni Mkuu wa Wilaya. Hana bajeti ya kujenga skuli wala kuchimba kisima. Alichonacho ni kumbukumbu: wakaazi, mihtasari ya vikao vya shehia, nani alikuja lini kupima ardhi na alisema nini. Sheha muulize kumbukumbu. Ukimuuliza fedha mtagombana bure, na kesho unamhitaji akusainie barua.

Wa pili ni diwani wa wadi yako. Huyu anakaa kwenye Baraza la Mji kama uko Chake Chake, Wete au Mkoani, na kwenye Halmashauri ya Wilaya kama uko Micheweni. Usafi, masoko, ushuru wa biashara ndogo ndogo, haya ni ya kwake. Ukitaka kujua ushuru wa soko umekusanywa kiasi gani na umefanya nini, suali lako linaishia huku, halina haja ya kuvuka bahari.

Wa tatu ni Mwakilishi, na wa nne ni Mbunge, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyika, khasa kwa kuwa wote wawili wanatoka jimbo lile lile na picha zao hubandikwa pamoja wakati wa kampeni. Zanzibar ina majimbo 50, na 18 kati yao ni ya Pemba. Kila jimbo linapeleka Mwakilishi mmoja Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, na Mbunge mmoja Dodoma. Skuli za msingi na sekondari, maji, hospitali na barabara zetu si mambo ya Muungano. Hayo yanakwenda Chukwani. Mbunge akikwambia atalisukuma suala la maji yenu Dodoma, mwambie ahsante, halafu nenda kwa Mwakilishi.

Lakini wote wawili wana mfuko wa jimbo. Wa Mwakilishi unatoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wa Mbunge unatoka Serikali ya Muungano, na kwa majimbo ya huku fedha zake zinapitia Ofisi ya Makamu wa Rais. Ni mifuko miwili, orodha mbili za miradi, hesabu mbili. Kwa hiyo usiulize "fedha za jimbo zimefanya nini". Uliza wa nani na wa mwaka gani. Nimewahi kusikia kisima kimoja kikitajwa na waheshimiwa wawili katika mikutano miwili, kila mmoja akikihesabu kwenye mfuko wake. Huenda walichangia wote, sina ugomvi. Ila bila ya orodha mbili mkononi huwezi kujua.

Mlango wa tano ni wizara yenyewe, na Pemba tuna bahati ya kitu ambacho wageni hawakijui: Afisa Mdhamini. Kila wizara ina Mdhamini wake hapa, ndiye anayeiwakilisha wizara kisiwani. Huna haja ya kupanda boti kumfuata Katibu Mkuu Unguja. Barua yako inakwenda kwa Mdhamini, na kama jawabu liko Unguja, kulifuata ni kazi yake. Kwa banda la skuli, huu ndio mlango hasa, na mimi niliufikia wa mwisho baada ya kumaliza yote minne.

Hatua ya 2: Soma kilichokwisha kutolewa

Kuna mambo mengi ambayo hayahitaji kuombwa. Mwaka wa fedha wa Zanzibar unaanza tarehe 1 Julai na kuishia 30 Juni. Baraza la Wawakilishi linakaa kikao cha bajeti kuanzia Mei, na kila waziri anasoma hotuba ya wizara yake, yenye viambatisho vya miradi na fedha zake. Hotuba hizo unaweza kuzipata kwenye tovuti za wizara na ya Baraza, redio na televisheni ya ZBC inarusha kikao moja kwa moja, na gazeti la Zanzibar Leo linaandika yaliyosemwa.

Usibabaike na jumla. Bajeti ya Zanzibar ya 2024/25 ilipita trilioni 5, na namba hiyo haikusaidii chochote kuhusu vyumba viwili. Tafuta jina la wilaya, jina la skuli, jina la programu. Likiwa halimo kabisa, hilo tayari ni jawabu, na ni jawabu zito.

Ukilikuta, angalia neno linalofuatana nalo. Kuna fedha *zilizotengwa*, kuna *zilizopatikana* na kuna *zilizotumika*. Haya ni mambo matatu, na waheshimiwa wetu wanapenda la kwanza. "Tumetenga milioni kadhaa" maana yake zimeandikwa kwenye kitabu. Hazina huenda haijatoa hata senti. Mtu mwenye shilingi za kitabuni hawezi kununua bati. Siku unayosikia "zimetengwa", suali lako la pili liwe tayari mdomoni: zimetoka ngapi, na lini?

Baada ya hotuba kuna Hansard, taarifa rasmi ya kila neno lililosemwa barazani. Hii ni hazina ambayo watu hawaigusi. Kama Mwakilishi wako alisimama akaulizia barabara yenu, imo humo na tarehe yake. Kama hakusimama miaka mitano, hilo nalo limo, kwa kutokuwemo. Waziri aliyejibu "itakamilika mwaka huu wa fedha" ameandikwa, na ukilinukuu jibu lake pamoja na tarehe unakuwa umeondoka kwenye maneno ya barazani kwa maana ya vibaraza vyetu vya kahawa.

Halafu kuna ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali Zanzibar, anayeitwa kwa kifupi CAG. Anaikabidhi kwa Rais, kisha inapelekwa Baraza la Wawakilishi, ambako PAC, kamati ya wajumbe inayochunguza hesabu za serikali, inawaita watendaji wajieleze. Tusichanganye: Zanzibar ina CAG wake na Muungano una wa kwake, kwa hiyo ripoti ya Dodoma usiitafutie skuli ya Micheweni. Ripoti ni nene na lugha yake ni ya wahasibu. Nenda moja kwa moja kwenye jina la taasisi unayoitaka, soma kurasa zake tu.

Na mwisho, kibao cha mradi. Kinasimama pale pale kwenye mchanga, na kinataja mkandarasi, mshauri elekezi, mfadhili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mara nyengine na gharama. Kipige picha siku ya kwanza, kwa sababu vibao vina tabia ya kudondoka mradi ukichelewa. Wakati wa fedha za UVIKO-19, pale Zanzibar ilipopata Sh bilioni 230 kutokana na mkopo wa IMF wa 2021, vibao vilijaa kila pahala, kwenye skuli, vituo vya afya, masoko na maji. Aliyepiga picha wakati ule ana kumbukumbu leo. Ila usielekeze simu kwenye kambi za jeshi wala vituo vya polisi kwa kisingizio cha kutafuta kibao.

Hatua ya 3: Punguza suali mpaka lisikimbilike

Suali langu la hadharani, "lile banda vipi?", lilikuwa na milango kumi ya kutokea. Suali zuri lina mmoja tu. Linataja kitu kimoja, pahala pamoja, mwaka mmoja, na linataka namba, tarehe au nakala.

"Kwa nini serikali haitujali watu wa huku?" ni malalamiko, na pengine ya haki, lakini jibu lake ni hotuba. "Banda la vyumba viwili la skuli yetu limo kwenye bajeti ya mwaka huu wa fedha?" jibu lake ni ndio au hapana. Mtu akitaka kukukwepa hapo itabidi anyamaze, na kunyamaza kwa maandishi kunaonekana.

Usiulize mambo sita katika barua moja. Utajibiwa lile rahisi, na barua itahesabiwa imejibiwa.

Hatua ya 4: Andika barua, na haki yako iwe sentensi moja

Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinakupa uhuru wa kutafuta na kupokea habari, na kinasema raia ana haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake na ya jamii. Kitaje mara moja, chini, bila ya kupiga ngoma. Kuna watu wanakwenda afisini na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, wanadai wajibiwe ndani ya siku 30. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara, yenyewe imesema hivyo. Ukiipeleka Wete, afisa anayeijua atacheka, na ule uzito wa barua umekwisha. Wewe weka tarehe yako mwenyewe kwa adabu.

Hii ndiyo barua tuliyoipeleka, nimeondoa majina:

> Kamati ya Skuli ya ………, Shehia ya ………,
> Wilaya ya ………, Pemba.
> Tarehe ………
>
> Afisa Mdhamini,
> Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali,
> Pemba.
>
> YAH: KUOMBA TAARIFA ZA BANDA LA VYUMBA VIWILI, SKULI YA ………
>
> Kwa heshima, naomba uhusike na mada ya hapo juu.
>
> 2. Wananchi wa shehia hii walijenga banda hilo mpaka linta, kazi ikamalizika mwezi wa ……… mwaka ………. Kamati inaomba kujua:
> (a) iwapo umaliziaji wa banda hilo umo katika bajeti ya mwaka wa fedha ………, na kwa kiasi gani;
> (b) kama umo, kiasi kilichokwisha kutolewa mpaka tarehe ya barua hii;
> (c) kama haumo, mwaka gani unatarajiwa kuombewa fedha.
>
> 3. Tunaomba pia nakala ya ukurasa wa mpango kazi unaoitaja skuli hii, ikiwa upo.
>
> 4. Maombi haya yanatokana na kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984. Tutashukuru kupata jawabu kwa maandishi ifikapo tarehe ……….
>
> Ahsante.
>
> Mwenyekiti ……… Katibu ………
>
> Nakala: Mkuu wa Wilaya, Mwakilishi wa Jimbo, Sheha.

Ukurasa mmoja. Zile nakala za chini zina kazi kubwa kuliko kifungu cha katiba, kwa sababu Mdhamini anajua kwamba Mkuu wa Wilaya ameiona. Zipeleke kweli. Nakala iliyoandikwa chini ya barua na haikupelekwa ni uongo, na siku utakayoulizwa utaaibika.

Isainiwe na kamati, si na mtu mmoja. Na isinuke chama. Hapa Pemba sina haja ya kueleza sana: ukisaini wewe ambaye mwezi uliopita ulikuwa juu ya gari la matangazo, barua itasomwa kwa rangi ya fulana yako. Kamati yetu ina watu wa pande zote mbili na tulihakikisha saini zinaonyesha hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, usiipeleke miezi ya kampeni. Wakati huo kila kitu kinaahidiwa na hakuna kinachoandikwa.

Kama kuandika kunakutatiza, tafuta wasaidizi wa sheria wa jimboni kwako, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kina afisi Chake Chake. Mwalimu wa Kiswahili wa skuli naye anatosha.

Hatua ya 5: Masjala

Barua nyingi zinafia hapa, tena bila ya ubaya wa mtu.

Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, mimi na mjumbe mmoja wa kamati, mzee wa makamo. Wawili wanatosha. Mkienda kumi mnakuwa maandamano, ukienda peke yako huna shahidi. Masjala alikuwamo kijana mmoja, mbele yake kikombe cha chai na mkate wa boflo.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam. Karibuni mama. Shikamoo mzee."

Nikampa bahasha. Akaiweka juu ya rundo. "Iache tu hapa mama, Mdhamini akija nitampa."

"Ahsante mwanangu. Naomba unigongee muhuri kwenye nakala yangu hii."

Akaniangalia, akaiangalia nakala. Akafungua mtoto wa meza wa juu, wa kati, wa chini. Muhuri ulikuwa chini ya daftari. Akaupulizia, akagonga: IMEPOKELEWA, na tarehe ya mwezi uliopita. Rola ya mwezi ilikuwa imekwama. Akataka kunirudishia hivyo hivyo, "mama, si inajulikana tu". Mzee akakohoa. Kijana akacheka mwenyewe, akachukua ncha ya kalamu akaizungusha rola mpaka ikatii, akagonga tena pembeni na kuweka saini yake. Nikamuomba na namba aliyoiandika kwenye daftari la kupokelea barua, nikainakili nyuma ya nakala.

Dakika kumi nzima, na ndizo zilizofanya kazi yote. Barua isiyo na muhuri haijawahi kuandikwa. Barua yenye muhuri wa tarehe ya makosa ni mbaya zaidi, kwa sababu siku ya mabishano itakugeuka.

Kuwa mpole na karani. Yeye hakukutilia mpapai darasani, na wewe utarudi kwake mara tatu nyengine.

Hatua ya 6: Kumbusha, kwa maandishi

Tarehe tuliyoiweka ilipita kimya. Nilipiga simu mara moja, nikaambiwa barua iko kwa mhusika. Nikaandika kwenye daftari siku, saa, na cheo cha aliyenijibu. Baada ya wiki nyengine tukapeleka barua ya pili, mistari minne tu: "Rejea barua yetu ya tarehe fulani, iliyopokelewa kwa namba fulani. Mpaka leo hatujapata jawabu. Tunaambatanisha nakala." Hakuna kulaumu. Muhuri, namba, nyumbani.

Ukijibiwa kwa mdomo ("njoo tuzungumze"), nenda, zungumza, kunywa chai, kisha siku ya pili yake andika: "Tunashukuru kwa mazungumzo ya jana, ambapo tulielezwa kwamba…" Ukiipeleka hiyo masjala, maneno ya mdomo yamekuwa karatasi. Asipoyakanusha, ni yake.

Hatua ya 7: Mtumie Mwakilishi kwa kazi yake

Mwakilishi tunamwita kwenye maulidi, mazishi na mechi za mpira, tunamuomba jezi na usafiri. Kazi moja ambayo sisi hatuwezi kuifanya na yeye anaweza, hatumuombi: kumuuliza waziri barazani. Jibu la waziri linaingia kwenye Hansard, na mtendaji atakayetoa taarifa ya uongo kwa waziri wake anajua anacheza na moto.

Usimwambie "tuulizie banda". Mwandikie suali lenyewe, sentensi moja, umfungie na nakala zako zenye mihuri. Mwandikie na suali la nyongeza, kwa sababu la kwanza mara nyingi hujibiwa kwa "serikali iko mbioni". Masuali hutangulizwa kwa Katibu wa Baraza kabla ya kikao, kwa hiyo mpelekee mapema. Ukimkimbilia wiki ambayo Baraza linakaa, umechelewa.

Kuna kikwazo kimoja. Kama Mwakilishi wako ni waziri au naibu waziri, hawezi kusimama kumuuliza mwenzake. Hapo nenda kwa Mwakilishi wa viti maalum wa mkoa wako. Naye ana haki ile ile ya kuuliza, na kwa niliyoyaona wanawake hawa hawaogopi suali la nyongeza.

Siku suali linapoulizwa, sikiliza redioni, andika tarehe. Usingoje kusimuliwa.

Hatua ya 8: Milango ya pembeni

Hii haraka haraka, kwa sababu wengi hawaihitaji. Kukiwa na dalili ya rushwa, si kuchelewa tu, kuna ZAECA, Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi Zanzibar. Mwenendo wa kiongozi mwenyewe, mgongano wa maslahi au mali zake, hayo ni ya Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma, chini ya Sheria Nam. 4 ya 2015, ambayo ndiyo inayowataka viongozi watangaze mali na madeni. Afisi iliyokataa kabisa kukuhudumia unaweza kuipeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mfumo wa Sema na Rais Mwinyi upo pia. Ukiutumia, piga picha ya ulichoandika kabla ya kutuma.

Kote huko utaulizwa kitu kimoja: ulikwisha kuwauliza wenyewe? Zile nakala zako ndizo jawabu.

Na jambo la simu. Ukipata karatasi, kishawishi cha kwanza ni kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno mawili ya moto juu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na huku Zanzibar, na neno "mwizi" ukiliandika lazima uweze kulithibitisha. Rusha karatasi ukitaka, kama si ya siri, lakini iache izungumze yenyewe.

Tulichojibiwa

Jawabu lilikuja wiki ya tano tangu barua ya kwanza, ukurasa mmoja, umesainiwa. Banda letu halikuwamo kwenye bajeti ya mwaka ule. Halikuwamo na ya mwaka uliotangulia. Skuli tatu za wilaya yetu ndizo zilizokuwamo, majina yametajwa, na yetu haikuwa hata kwenye orodha ya kusubiri kwa sababu hakuna aliyewahi kupeleka maombi yenye vipimo vya jengo.

Niliisoma mara mbili nimesimama. Miaka miwili tuliambiwa fedha zimekwama, na hazikuwa na pa kukwama, hazikuwahi kuwepo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Kijijini watu walikwisha kuamua kwamba fedha hizo mwalimu mkuu amezila. Hawakumwambia usoni, ila michango ya mitihani ilipokuja walitoa kwa kununa, na mkewe alikuwa akisemwa kisimani. Tuliisoma barua ile mbele ya wazazi, neno kwa neno, naye amekaa mstari wa mbele akiangalia viatu vyake. Aliposimama alisema "ahsanteni" tu, akakaa.

Mheshimiwa alipokuja tena tulimpa nakala kabla hajapanda jukwaani. Siku hiyo hakulitaja banda.

Vipimo vimeshachukuliwa na fundi wa wilaya, na maombi tumeyapeleka mwezi wa Januari, wakati wizara zinaandaa makadirio, maana ukingoja Mei kitabu kimeshafungwa. Muhuri upo, tarehe ni ya kweli. Faili liko kwenye kabati la afisi ya mwalimu mkuu, rafu ya chini, na ufunguo mmoja anao yeye, mwengine ninao mimi. Mwezi wa Juni, siku hotuba ya elimu itakaposomwa, nitakuwa na redio na kalamu.